UZI: Kuvisha ubao wa kasia kikwembe na epoksi, kwa sisi wa kando ya Ziwa Kivu

Mwana_Kyeshero (Goma)

Jambo wote. Uzi huu ni wa wanaojitengenezea mbao za kasia, zile za kusimama juu yake ziwani, na wanataka ubao utoke na sura ya kwetu badala ya kuupiga bluu moja tu na kuuacha. Nazungumzia kulaza kikwembe, yaani kitenge, juu ya ubao na kukifunga kwa epoksi, ile resini ya makopo mawili inayoganda ikichanganywa. Kazi ikienda vizuri, kitambaa kinaonekana kama kiko chini ya maji masafi: kila mstari wa nakshi uko wazi, na mkono ukipita juu hausikii uzi hata mmoja.

Duniani si jambo jipya. Watengeneza mbao za mawimbi wa Hawaii na California walikuwa wakilaza vitambaa vya maua chini ya resini tangu miaka ya 1960. Sisi hapa Goma vikwembe vimejaa Birere na soko la Virunga, mafundi wanaojua kukunja tripleksi (mbao nyembamba za tabaka) tunao, na ziwa liko mlangoni. Kinachokosekana ni maelezo kwa Kiswahili, ndiyo maana naandika kwa urefu. Mnisamehe.

Naanza na lile ninalotaka kila mtu alishike hata kama hatasoma mengine: kikwembe ni pambo, hakiongezi nguvu ya ubao. Nguvu inatoka kwenye faibaglasi, kile kitambaa cha nyuzi za kioo. Kuna wanaoamini kwamba pamba iliyonyweshwa epoksi inatosha yenyewe. Haitoshi. Inanyonya resini nyingi, inakuwa nzito, na siku ubao unapogonga mawe ya lava ya ufukwe wetu inapasuka. Maji yakishaingia kwenye nyuzi yanatambaa mbali na pale palipopasuka, na kitambaa kinaanza kuota madoa meusi kikiwa ndani, mahali ambapo huwezi kukifikia.

Kwa hiyo mimi napanga hivi: ubao, tabaka jembamba la epoksi nyeupe, kikwembe, faibaglasi juu ya kikwembe, epoksi ya kujazia, na mwisho vanishi inayozuia jua. Upande wa chini, ule unaokutana na mawe, siweki kitambaa kabisa. Pale naweka faibaglasi tabaka mbili.

Ubao wangu una urefu wa mita 3.2, upana sentimita 80, unene sentimita 12 katikati. Ni wa tripleksi ya milimita 4 yenye mbavu ndani. Lakini karibu yote nitakayosema yanafaa pia kwa wanaochonga frigoliti, lile povu gumu jeupe la kufungashia vyombo.

Kuhusu ile epoksi nyeupe, kuna watakaoona ni gharama ya bure, basi nieleze. Pamba ikilowa epoksi inapitisha mwanga. Sehemu nyeupe za nakshi zinapotea, unabaki unaona kilicho chini yake. Ukilaza kikwembe moja kwa moja juu ya tripleksi, nyeupe yote inageuka kahawia, njano inakufa, na bluu hafifu inakuwa kijani cha kuchafuka. Mtu analaumu kitambaa au anailaumu epoksi, kumbe ni mbao iliyo chini inayochungulia. Changanya epoksi na rangi nyeupe ya unga iliyotengenezwa kwa ajili ya resini, paka tabaka jembamba, acha ikauke, piga msasa namba 120, futa vumbi. Baada ya hapo rangi za kikwembe zinasimama. Zitakolea kidogo kuliko zilivyokuwa dukani, hilo halikwepeki, ila hazitakufa.

Nitaendelea na namna ya kukilaza. Wenye maswali waanze.

---

Kijana_wa_Nguba (Bukavu)

Yaya, aksanti sana kwa uzi. Mimi na mdogo wangu tumechonga ubao wa frigoliti, tuliunganisha vipande vikubwa vya kufungashia friji. Hapa Bukavu tumepata resini kwa wauza rangi za magari, ile ya kuzibia bodi. Inakuja na kichupa kidogo cha kukausha. Iko bei nafuu sana. Tuanze nayo?

---

Mwana_Kyeshero (Goma)

Hapana, mdogo wangu. Simama hapo hapo, usiimimine.

Hiyo ni poliesta, si epoksi. Ndani yake kuna staireni, na frigoliti ni polistaireni, kwa hiyo inayeyuka papo hapo. Chukua kipande kimoja cha takataka, kidondoshee kijiko kimoja cha hiyo resini, utaona shimo linafunguka huku unaangalia. Ubao mzima ungebaki makunyanzi.

Njia rahisi ya kuzitofautisha dukani: poliesta inapewa matone machache tu ya kikaushio, asilimia 1 au 2. Epoksi inakuja na makopo mawili ambayo yote yana ujazo wa maana, sehemu mbili kwa moja, au tatu kwa moja, au hata moja kwa moja, kulingana na aina. Ukiona kichupa kidogo cha matone, irudishe.

Halafu, hata mwenye ubao wa tripleksi asichanganye mambo. Poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Anayeanza na epoksi amalize na epoksi.

Na mizani. Tafadhali nunua mizani ya jikoni. Soma kopo: kama uwiano umeandikwa kwa ujazo, pima kwa vikombe, kama ni kwa uzito, pima kwa mizani. Hivyo viwili havilingani, kwa sababu kikaushio ni chepesi kuliko resini. Na usiongeze kikaushio ukidhani utaharakisha kazi. Kwenye poliesta hilo linasaidia, kwenye epoksi kinachozidi hakipati cha kuungana nacho, kinabaki ndani, na ubao unanata milele.

---

Mama_Vitambaa (Birere, Goma)

Wanangu, jambo. Mimi nauza na kushona vikwembe kwa miaka mingi, ya resini siyajui, lakini ya kitambaa niachieni.

Vijana wanakuja kwangu wanachagua kwa macho tu. Kwa kazi hii shikeni kitambaa, kigeuzeni. Waksi halisi, yaani kikwembe kilichochapwa kwa nta, ina rangi pande zote mbili sawasawa, huwezi kujua mbele ni wapi. Zile za kuchapwa upande mmoja, nyuma ziko hafifu, na nikisikia mnavyosema kwamba resini inapitisha mwanga, basi hizo zitaonekana zimechuja. Waksi ya Uholanzi, ya Vlisco, ambao wako Helmond tangu 1846, ni nzuri ila bei yake ni ya harusi. Kuna waksi nyingine za pamba tupu ambazo zinafaa kabisa.

Mjue pia kama ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zichome na kiberiti. Pamba inaungua inabaki majivu laini, harufu ya karatasi. Ikijikunja na kubaki kitonge kigumu cheusi, kuna plastiki ndani.

Halafu kile kitambaa kipya kinavyong'aa na kusimama, ile ni dawa ya kiwandani. Lazima itoke. Fueni kwa maji ya moto na sabuni, suuzeni mpaka maji yawe safi, na msitie dawa ya kulainisha nguo. Wakati bado kimelowa, kikandamizeni na kitambaa cheupe. Cheupe kikitoka na rangi, kile kikwembe kitawachafulia kazi. Rudini dukani mchague kingine.

---

Mwana_Kyeshero (Goma)

Mama, aksanti, umenitolea nusu ya somo. Ile dawa ya kiwandani ndiyo inayozuia epoksi kuingia kwenye nyuzi. Kitambaa ambacho hakikufuliwa kinaacha madoa yaliyopauka, na ukishaweka faibaglasi juu hakuna dawa.

Niongeze juu ya unyevu. Pamba inavuta maji hewani, na hapa kwetu msimu wa mvua hewa imelowa. Kikwembe kilichokaa kabatini usiku mzima si kikavu hata kama mkono unakuambia ni kikavu. Mimi napiga pasi mara ya mwisho nikiwa nimekwisha panga makopo, dakika chache kabla ya kuchanganya.

Kuhusu vipimo vya dukani: pisi nzima ni yadi 6, nusu pisi ni yadi 3, ambayo ni mita 2.74. Ubao wa mita 3.2 hautafunikwa na nusu pisi kutoka pua hadi mkia, utabaki karibu nusu mita. Usinunue pisi nzima kwa sababu hiyo, na usiunge kwa cherehani, maana mshono unaacha kivimbe na hewa inajificha chini yake. Acha pua na mkia vionekane mbao. Mimi napenda zaidi hivyo, jicho linapata pa kupumzika. Na kwa kuwa upana wa kikwembe ni kama sentimita 115 hadi 120, ukikipasua kwa urefu unapata vipande viwili vya karibu sentimita 58, vinavyotosha katikati ya mbao mbili huku kingo zikibaki wazi. Watu wawili wanachanga nusu pisi moja.

Angalia nakshi kabla ya kupasua. Kama ina ndege, kiganja au duara kubwa, tafuta mstari wa katikati wa lile umbo na uupatanishe na mstari wa katikati wa ubao. Ukikosea kwa vidole viwili, ubao mzima unaonekana umepinda hata kama fundi aliunyoosha kwa uzi. Nakshi ndogo za kujirudia zinasamehe zaidi.

---

Mpwani_Nyali (Mombasa)

Salaam ndugu zangu wa Kivu, uzi mzuri mno huu. Huku pwani mbona sisi tuna leso? Kanga ni pamba nyepesi kuliko kitenge, itanywa resini kidogo. Na ina pindo pande zote nne, mji katikati na jina lake chini. Kwa ubao naona imekaa tayari.

---

Mwana_Kyeshero (Goma)

Ndugu yangu wa Mombasa, wazo zuri sana. Kanga moja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwa hiyo haitafika urefu wa ubao, lakini doti ni mbili. Moja mbele, moja nyuma, zikikutana pale unaposimama. Zikutane ukingo kwa ukingo, zisipandiane. Jina ligeuze lisomeke na mtu aliyesimama juu ya ubao, si na anayeutazama kutoka pembeni.

Uwe makini tu na wepesi wake. Kitambaa chepesi kinapitisha mwanga zaidi, kwa hiyo ile epoksi nyeupe ya chini kwako si hiari tena.

Kuhusu uzito, kila mtu apime chake. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, weka kwenye mizani, zidisha kwa 4, hiyo ni gramu kwa mita ya mraba. Kikwembe changu kilikuwa karibu gramu 140. Epoksi kinayokunywa ni karibu sawa na uzito wake au zaidi kidogo. Kwa mita moja na nusu ya mraba hiyo ni karibu nusu kilo juu ya ubao. Inavumilika. Ukizungusha kitambaa ubao mzima, juu, pembeni na chini, unabeba zaidi ya kilo moja na nusu ambayo haikusaidii chochote.

---

FundiMitumbwi (Mwanza)

Mkuu, mimi nafunga faibaglasi kwenye mitumbwi huku Ziwa Victoria. Nikuulize jambo moja: mapovu. Ukilaza kitambaa juu ya mbao asubuhi, jua likipanda mbao inatoa hewa na kila kitundu kinatoa povu. Wewe unafanyaje?

---

Mwana_Kyeshero (Goma)

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi sianzi asubuhi hata siku moja. Ubao unaachwa sehemu yenye joto tangu saa nne, na kazi inaanza kama saa tisa au saa kumi alasiri, joto likiwa linashuka. Mbao inapopoa hewa iliyo ndani inasinyaa na inavuta epoksi kwenye vitundu badala ya kuisukuma nje. Frigoliti ni vile vile.

Kwa Goma kuna tatizo la pili, usiku wetu ni wa baridi. Tuko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri inaweza kushuka mpaka digrii 14 au 15. Epoksi nyingi hapo zinazubaa. Kwa hiyo mlango unafungwa jioni ili chumba kitunze joto, na siufungui mapema.

Sasa namna ya kulaza. Hapa nitakwenda polepole.

Chora mstari wa katikati kwa penseli juu ya ile nyeupe. Bandika skochi ya karatasi (utepe wa gundi) kuzunguka eneo ambalo kitambaa kitaishia. Kata kitambaa kikizidi eneo hilo kwa vidole viwili kila upande. Kisha kikunje kwenye bomba la PVC, uso wa nakshi ukiwa ndani, kikiwa kimenyooka bila mkunjo. Changanya epoksi kidogo, gramu 300 kwa mara moja, koroga dakika tatu ukikwangua ukingo na chini ya kikombe, na uimimine yote juu ya ubao mara moja. Usiiache kikombeni. Epoksi inapoungana inatoa joto, na ikiwa imerundikana pamoja joto halina pa kwenda: kikombe cha plastiki kinalainika, moshi unatoka, na inaganda ukiwa umeishika.

Tandaza epoksi kwa raklete, yaani kikwangulio, ya mpira mpaka ubao uwe umelowa sawasawa. Hapo sasa anza kufungua bomba kutoka pua kwenda mkia, mwenzako akishika upande wa pili. Kitambaa kinashuka juu ya epoksi, na unaiona inapanda kutoka chini: kwanza vinatokea vidoa vya rangi iliyokolea, vinakua, vinaungana, mpaka kitambaa chote kimebadilika. Hiyo ndiyo siri ya kutopata mapovu. Epoksi ikitoka chini inaisukuma hewa juu, nje. Ukikilaza kikavu na kumimina juu yake, hewa imefungiwa chini na hutaitoa yote.

Pale palipobaki pamepauka, ongeza epoksi kidogo juu na usubiri. Usisugue. Pamba ikisuguliwa inahama, na nakshi ikihama imehama. Vuta raklete kutoka katikati kwenda pembeni, kwa mkono mwepesi, kuondoa iliyozidi.

Faibaglasi ya gramu 200 kwa mita ya mraba inafuata mara moja, kabla ya kitambaa kukauka, ili vyote viwili vishikane kuwa kitu kimoja. Hiyo naiacha ifunike ubao wote na ishuke kwenye kingo. Ikilowa inatoweka machoni.

Sehemu ya kitambaa iliyozidi nje ya skochi? Kunja faibaglasi nyuma kidogo kabla hujafika pale, au ufanye kwa siku mbili: kitambaa leo, ukikate kwa wembe kikiwa kimekaza ila bado ukucha unaacha alama, ung'oe skochi pamoja na ziada, kisha faibaglasi kesho baada ya msasa. Kwa anayeanza nashauri siku mbili. Mstari unatoka safi, na juu yake unaweza kupitisha ukanda mwembamba wa rangi kuficha nyuzi zilizochungulia.

---

Neema_Himbi (Goma)

Kaka, nimefurahi kuona haya yanaandikwa. Nina maswali mawili. Umesema siku mbili. Epoksi iliyokauka usiku ina utelezi juu yake, kama mafuta, hasa mvua ikinyesha. Msasa unaziba. Na la pili, nataka kikwembe cheusi chenye dhahabu. Kuna mtu aliniambia nyeusi haifai.

---

Mwana_Kyeshero (Goma)

Dada Neema, ule utelezi ni kikaushio kilichokutana na unyevu na hewa kikapanda juu. Hautoki kwa msasa, unausambaza tu na tabaka la pili halitashika. Unatoka kwa maji. Chukua maji safi ya uvuguvugu na ile sponji ya kijani ya kusugulia masufuria, sugua ubao wote, futa na kitambaa kikavu kabla maji hayajakauka yenyewe. Halafu ndipo msasa.

Nyeusi: aliyekuambia hakukosea, ila si lazima uache. Epoksi inayokauka bila tanuri huanza kulainika ikipata joto la digrii 50 au 60, na uso mweusi ukilala kwenye jua la saa sita unafika huko. Kwa frigoliti ningesema usifanye, kwa sababu kitambaa na faibaglasi vinaweza kuachana na ubao na kuvimba. Kwa tripleksi unaweza, kwa sharti la kuuweka kivulini kila unapoutoa majini. Au chagua kile ambacho dhahabu ni nyingi na nyeusi ni mistari tu.

Na jua lenyewe mlifikirie. Miale ya urujuanimno inaongezeka kwa karibu asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, na sisi tuko chini kidogo tu ya Ikweta. Epoksi bila kinga inageuka njano na baadaye inakuwa unga juu, na rangi za kikwembe zinapauka nayo. Vanishi ya poliyurethani yenye kinga ya jua, tabaka mbili au tatu, ndiyo inayotunza kazi yako. Ile ya magari ya makopo mawili inafaa, lakini ipakeni kwa brashi au rola, msiipulize. Mvuke wake unapopulizwa unaharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote.

Niko hapo, niseme pia ya afya, kwa sababu naona vijana wanashika epoksi mikono mitupu. Leo hutasikia kitu. Lakini ngozi inaikusanya, na siku moja inakataa: vipele, kuvimba macho, na mzio huo hauondoki. Vaeni glavu za nitrili. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji, kamwe usifute kwa asetoni, maana inaiyeyusha na kuipitisha ndani ya ngozi. Msasa pigeni kwa maji kila inapowezekana, vumbi lake ni baya, hasa la epoksi ambayo haijakomaa.

Na kwa watu wa Goma pekee. Kuna wanaotafuta mahali pa chini, pasipo upepo, ili vumbi jeusi la lava lisiangukie resini. Jihadharini na mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatuama mabondeni na kwenye mashimo, haina rangi wala harufu, na imeua watu na mifugo kati ya hapa na Sake. Fanyeni kazi mahali pa juu palipo wazi, mtundike shiti ya plastiki juu ya ubao. Vumbi litazuiwa na shiti.

Mabaki ya epoksi yaacheni yagande kwenye mchanga kwanza, ndipo yatupwe na takataka. Ziwani hapana. Sambaza, wale samaki wadogo tunaowala, wanatoka humo.

---

Kijana_wa_Nguba (Bukavu)

Yaya, nimerudisha ile ya magari, wamekubali kunibadilishia na msasa. Swali: hii yote ikishang'aa si tutateleza? Mdogo wangu ana miaka kumi na tatu. Zile zulia za mpira za kubandika zinafunika kikwembe chote.

---

Mwana_Kyeshero (Goma)

Swali zuri kuliko yote. Tumia sukari.

Ukifika tabaka la mwisho la epoksi, zungushia skochi pale mnaposimama, kama sentimita 100 kwa 50. Paka epoksi jembamba, kisha chukua chujio la chai lililokauka kabisa, weka sukari ya kawaida, nyunyiza kutoka juu mpaka eneo lote lifunikwe, hata kama rangi ya kitambaa haionekani tena. Ondoa skochi. Acha ikauke mpaka kesho yake, halafu mwagia maji ya uvuguvugu na usugue kwa brashi. Sukari inayeyuka yote, inabaki epoksi yenye vishimo vidogo vidogo, mguu hautelezi, na kikwembe kinaonekana chini yake, kimefifia kidogo tu. Vanishi juu yake iwe tabaka moja jembamba, usivijaze vishimo.

Jaribu kwenye kipande kwanza ujue punje unazozitaka. Sukari ya punje kubwa inakwangua magoti ya mtoto.

---

Neema_Himbi (Goma)

Niongeze moja ambalo halihusu urembo. Tarehe 3 Oktoba 2024 sote tuliona kilichotokea karibu na bandari ya Kituku, ile boti iliyotoka Minova ikazama na kuua watu wengi. Ziwa hili linaonekana tulivu asubuhi, mchana upepo unageuka. Mtoto wa miaka kumi na tatu asipande ubao bila jaketi la kujiokolea na kamba ya kifundo cha mguu. Mshonee kifuko cha jaketi kwa mabaki ya kikwembe kile kile kama atalipenda zaidi hivyo.

---

Mama_Vitambaa (Birere, Goma)

Neema, umesema vema. Aniletee hayo mabaki, nitamshonea. Lakini kitambaa kiwe cha juu tu, yale ya ndani yanayoelea asiyaguse mtu.

---

FundiMitumbwi (Mwanza)

Mkuu, la mwisho kwa upande wangu. Ubao wako una uwazi ndani. Umeweka pa kupumulia?

---

Mwana_Kyeshero (Goma)

Nimeweka, mkuu, na kila mwenye ubao wa tripleksi aweke. Ni skurubu ya shaba yenye mpira, karibu na pua, imepita kwenye kipande cha mbao ngumu ili isipitishe maji. Ubao ukiwa juani unafunguliwa, hewa iliyopata joto itoke. Bila hivyo inasukuma viungo vya pembeni mpaka viachane, na kikwembe kinapasukia hapo hapo. Kabla ya kuingia majini unaufunga, lakini uache kwanza upoe kivulini. Ukifunga ukiwa wa moto na kuutumbukiza kwenye maji baridi, hewa inasinyaa na ubao unavuta maji kupitia kila kitundu.

Tundu lenyewe litobolewe kabla ya kulaza kitambaa, na lizibwe kwa skochi wakati wa epoksi. Ukitoboa baadaye unakata nyuzi za pamba, na hapo ndipo maji yataanzia.

---

Kijana_wa_Nguba (Bukavu)

Sawa yaya. Na baada ya vanishi tunasubiri siku ngapi? Mdogo anauliza kila asubuhi.

---

Mwana_Kyeshero (Goma)

Epoksi nyingi zinakomaa kwa siku 7 kwenye joto la digrii 20 na kitu. Kwa baridi yetu mpe wiki mbili, ubao ukiwa umelala sawasawa juu ya vigoda vitatu, usisimamishwe ukutani. Na kabla hujachanganya hata gramu moja, nitumie picha ya kikwembe kikiwa kimewekwa kikavu juu ya ubao, na mstari wa katikati uonekane. Tutaangalia pamoja kama nakshi imekaa.